Stride kwenye kinanda cha kwaya

Kwa stride, mtindo wa piano ya jazi ambao mkono wa kushoto huruka kati ya besi na noti za juu yake, kinanda cha vitufe 61, kama vya kwaya nyingi hapa Mwanza, kinatosha. Zima ridhimu ya mashine. Mkono wa kushoto: pigo la 1 na la 3 noti ya besi, la 2 na la 4 noti tatu kwa pamoja karibu na Do ya kati. Anza na mapigo 60 kwa dakika. Besi ikikukwepa, mkono unapaa mno. Uteleze chinichini, kidole cha mwisho kikitangulia.

Novelty (muziki wa piano wa mbwembwe) ya mpiga piano Mmarekani Zez Confrey, mfano “Kitten on the Keys” (1921), hutumia kushoto kunakofanana na huko. Kulia ndiko kugumu: makundi ya noti tatutatu juu ya mapigo manne, sawasawa, bila kuyumba. James P. Johnson, mpiga stride, kinyume chake, anayumbisha (swing): noti ndefu kisha fupi. Usichanganye hayo mawili mapema.