Baskeli na gari njia moja: namna ya kwenda mjini bila kugongana

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nataka niseme na wapanda baskeli na madereva pamoja, mana sote tunatumia lami moja. Hapa mjini Unguja, kutoka Darajani mpaka Michenzani, Michenzani mpaka Amani, Amani mpaka Mwanakwerekwe, humo humo mna daladala, vespa, bodaboda, gari ya ng'ombe, mtoto anatoka skuli na mzee na baskeli yake ana magunia mawili ya mkaa kwenye karia, na hakuna wa kumwambia mwenziwe ondoka. Kwa hivo habari ya nani ana haki zaidi naiwacha, naandika namna ya kupita wote tufike majumbani.

Mie navyoona shina la mambo yote ni moja, kila mtu amjulishe mwenziwe anataka kufanya nini kabla hajafanya. Dereva akijua wewe unakwenda moja kwa moja atakupisha, lakini ukikata ghafla kwa sababu umeona shimo, hata awe bingwa vipi hana la kufanya.

Tuanze na baskeli yenyewe. Breki zote mbili zishike, na mipira ya breki itizame kabla ya masika mana rimu ikirowa inateleza na utasimama mbali kuliko ulivyozoea. Kengele ilie. Kama umevaa kanzu ipandishe uifunge kiunoni, na dada aliyepakiwa nyuma buibui lake alikusanye lote mapajani, mana likiingia kwenye cheni au spoki mnaanguka wote wawili, na ukianguka katikati ya njia gari ya nyuma haina breki za miujiza.

Sasa njiani. Sisi tunakwenda kushoto, hilo kila mtu analijua, lakini wapo wanaopanda kulia wakakabiliana na gari uso kwa uso wakidhani ndio wanaziona vizuri. Usifanye hivo. Dereva anayetoka kichochoroni akitaka kuingia njia kuu kwa kushoto anatizama kuliani kwake kwanza, wewe ukija kutoka kushoto hakuoni mpaka uko kwenye boneti. Kaa kushoto lakini pia usijibane kabisa ukingoni kwenye mchanga na vifuu, acha kama nusu mita au zaidi kidogo, ndo upate pa kukwepea. Na shimo ulione mapema, geuza shingo nyuma, toa mkono, halafu ndo uhame pole pole. Kugeuza shingo tu kunasaidia sana, dereva akiona uso wako anajua kuna kitu unataka.

Penye mtihani hasa ni daladala. Nyote mnazijua, iwe 505 ya Uwanja wa Ndege au 502 ya Bububu, akinyoosha mtu mkono tu inasimama hapo hapo. Ukiwa na baskeli nyuma yake, tizama mkono wa utingo, ukimuona anagonga bodi au kashaanza kuchungulia nje, punguza mwendo wakati huo huo usingoje taa za breki, nyengine hata haziwaki. Ikishasimama usipenye kati ya gari na ukingo, hata kama pana nafasi ya kutosha, hapo ndipo abiria anaposhukia na huyo anashuka na kapu na mtoto mkononi wala hakufikirii wewe. Simama nyuma yake. Au ukitaka kupita pita kulia, lakini baada ya kutizama nyuma ukaona hakuna kitu kinachokuja, na ukipita usigande ubavuni mana nayo itaondoka bila indiketa.

Na nyinyi ndugu zangu wa daladala, nakuombeni jambo moja, hii tabia ya kuovateki baskeli halafu ukamkatia mbele mita kumi tu kwenda kuchukua abiria muiache. Kaa nyuma yake sekunde mbili tatu, aondoke, ndo uingie kituoni. Yule abiria hakimbii, anakungoja wewe. Na utingo akifungua mlango amwambie anayeshuka "ngoja baskeli ipite", ni maneno matatu tu.

Raundabauti ya Michenzani, ile yenye mnara, nayo inawatisha wengi na wana haki ya kuogopa. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuzunguka amejibana ukingo wa nje wakati anataka kwenda njia ya pili au ya tatu, sasa gari iliyo kuliani kwake inataka kutoka njia ya kwanza na yeye yuko kati, ndo anapigwa ubavuni. Fanya hivi: kabla ya kuingia subiri wanaotoka kuliani kwako wapite, halafu ingia katikati ya laini yako kama ungekuwa na vespa, ukipita njia usiyoitaka nyoosha mkono wa kulia, ukikaribia ya kwako nyoosha wa kushoto utoke. Ukiona gari zimezidi shuka, kokota baskeli uvuke na wanaokwenda kwa miguu, wala hakuna aibu. Na wewe dereva, baskeli ikishaingia kwenye mzunguko ni chombo kama chombo chengine, mpishe kama ungempisha mwenye lori.

Madereva wengi hawajui wanapita karibu kiasi gani. Ufaransa sheria inamtaka dereva aache mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji anapompita mwenye baskeli, na mie naona hata kwetu hicho ni kipimo kizuri cha kukiweka kichwani. Kama huipati hiyo mita kwa sababu kuna gari inakuja mbele, basi usipite, ngoja. Mwenye mzigo mpe zaidi, makuti na kuni zinatokeza pembeni kuliko usukani na upepo wa lori tu unamyumbisha. Honi piga moja fupi ukiwa bado mbali, siyo umfikie mgongoni ndo umpigie refu, mtu anashtuka anakuingilia mwenyewe. Na simu! Gari ikienda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde, ukitizama meseji sekunde mbili umeshakwenda mita 28 na macho huna.

Milango ya gari zilizopaki pale Darajani nayo ni khatari. Dereva kwa gari zetu anakaa kulia, upande wa njia, basi zoea kufungua mlango kwa mkono wa kushoto, mwili unageuka wenyewe na macho yanaona nani anakuja. Mpanda baskeli pita mbali kidogo na magari hayo, na ukiona kichwa cha mtu ndani jua mlango unaweza kufunguka.

Wageni waliokodi gari na vespa waonee huruma uwape nafasi, wengi wametoka Italia, Ujerumani, huko wanakwenda kulia, kwa hivo wakifika njia panda macho yanakwenda upande sio. Usiamini amekuona mpaka mmetizamana.

Mji Mkongwe kwenye vichochoro gari haziingii lakini huko mwenye baskeli ndo anakuwa mkubwa. Kengele kabla ya kona, mwendo wa mguu, na Mkunazini watu wakijaa shuka.

Usiku weka taa, nyeupe mbele nyekundu nyuma. Dinamo ukisimama inazima, basi reflekta nyuma usikose, na nguo nyeupe inasaidia. Mvua ikinyesha dimbwi usilipite kama huijui njia, chini pengine pana shimo la kumeza tairi zima.

La mwisho ni ile nusu saa kabla ya futari mwezi wa Ramadhani. Watu wana njaa, kiu, jua linawapiga machoni, kila mmoja anataka aikute adhana nyumbani. Kama unaweza ondoka kazini mapema kidogo, kama huwezi basi chukua tende tatu na chupa ya maji, weka kwenye kapu la baskeli au kwenye dashibodi, adhana ikikukuta Kwerekwe simama pembeni ufungue hapo hapo. Na daladala yakhe, saa hiyo abiria watakuhimiza wee ukaze mafuta, usiwasikilize.