Mtoto Anayekuuguza Asikutafsirie

Ndugu zangu wa Bukavu mlioko Uingereza, nilipopata kiharusi, binti yangu wa miaka 13 ndiye aliyeniogesha, akapika, akapanga vidonge vyangu na kuwapeleka wadogo zake shule. Kwetu Kadutu, huko Bukavu, hakuna ambaye angeshangaa, kwa kuwa kifungua mimba humuuguza mzazi, lakini huko shangazi naye huingia na jirani huleta bugali na sombe. Huku ukuta wa jirani ni mwembamba hata unasikia kikohozi chake, ila mlango wake haujui mkono wako.

Afisa wa halmashauri alipokuja kutathmini hali yetu, nilimwita binti atafsiri. Akaulizwa kama anachoka, akajibu kwamba hachoki, kwa kuwa aliogopa kuniaibisha mbele ya mgeni. Afisa akaandika kwamba nyumba haina shida, faili ikafungwa, na barua za utoro zikaendelea kutoka shuleni.

Narudia: mtoto asitafsiri tathmini inayomhusu yeye mwenyewe. Omba mkalimani mapema na kwa maandishi. Gharama si yako. Ukihofia kwamba mkalimani wa jamii yetu atapeleka habari zako kanisani, omba wa simu kutoka mji mwingine. Hata akichelewa, msubiri, mtoto asitafsiri.

Mengine ni mepesi. Mwarifu mwalimu, kisha iandikie halmashauri ukitaja Sheria ya Watoto na Familia ya mwaka 2014, ambayo hapa England inailazimu kumtathmini mtoto wa chini ya miaka 18 anayeuguza mtu. Omba pia tathmini yako wewe mgonjwa, maana mzigo wa mtoto hupungua pale mahitaji yako yanapopata mtu mwingine.

Nanyi wapendwa mliobaki Bukavu, mnaouliza binti analipwa kiasi gani, acheni. Posho ya serikali kwa mwuguzaji huanza miaka 16, kwa anayeuguza angalau saa 35 kwa juma, na anayesoma saa 21 au zaidi haipati. Msinitishe tena kwamba nikisema ukweli nitanyang'anywa mtoto. Maneno hayo ndiyo yaliyonifunga mdomo. Wazungu hawa wana barua nyingi kuliko salamu, lakini ombi lililoandikwa hulijibu.

Mara ya pili mkalimani alikuwa kwenye simu, na binti akaulizwa peke yake shuleni. Alisema kwamba hulala amevaa viatu, ili aniwahi nikianguka usiku. Sasa mhudumu huja kila siku saa moja asubuhi.