Kuijua sahani ya kale ya kidakani

Nyumbani kwa bibi yangu, Lamu, sahani za kidakani, yaani za kwenye vishubaka vya ukutani, hazikuwa za kulia chakula. Zilipamba ukuta, nami nilikuwa mfuta vumbi wake. Huko ndiko nilikojifunza kuzitambua.

Ukipata sahani, igeuze kwanza. Nyingi za pwani yetu zilitengenezwa Maastricht, Uholanzi, na chapa maarufu ya kiwanda cha Petrus Regout ni sfinksi: simba aliyelala mwenye kichwa cha binadamu. Ikiandikwa "Made in Holland", kwa kawaida ni ya karne ya 20.

Kisha tazama maua. Yaliyopigwa chapa kwa sponji yenye rangi hayalingani: jani moja limekolea, la pili limefifia, na pale duara linapofungana mapigo yamebanana. Mimi huyapenda hayo kuliko yote, maana unauona mkono wa mtu.

Inue kwenye mwanga. Kaure nyembamba ya China hupitisha mwanga. Udongo wa Maastricht haupitishi. Chunguza na kitako: mikwaruzo ya miaka huenda kila upande, ya msasa, ya kuifanya sahani ionekane ya kale, hufuata upande mmoja.

Gonga ukingo kwa kucha. Niliwahi kuuziwa bakuli lenye ufa uliozibwa kwa gundi na rangi. Laiti ningeligonga, mlio wake mfu ungeniambia.

Osha kwa maji vuguvugu, bila dawa ya madoa. Na sahani zilizojengewa kwenye makaburi ya kale usizing'oe, wala usizinunue. Kenya, sheria huhesabu kilicholetwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, hivyo ulizia makumbusho kabla ya kukisafirisha nje.