Jinsi ya kusoma kikosi cha raga kabla ya mechi za wikendi

Kikosi kikitangazwa msikimbilie kubishana nani kaachwa, anzieni benchi. Wachezaji ni 23, 15 wanaanza, 8 wanasubiri, na jezi 16, 17 na 18 kawaida ni za mstari wa mbele wa skramu, ule msukumano wa timu mbili kugombea mpira.

Sasa hesabu mafowadi wa benchi, yaani wale wa skramu, wenzao wa nje ya skramu wanaitwa mabeki. Wengi huweka 5 na mabeki 3, ukiona 6 kwa 2 jua kocha anataka kuwaponda watu kipindi cha pili. Afrika Kusini fainali ya Kombe la Dunia 2023 waliweka 7 kwa 1, na Mbonambi, namba 2 wao wa katikati ya mstari wa mbele, aliumia dakika za mwanzo tu, akaingia Deon Fourie ambaye siku hizo alikuwa zaidi flanka, fowadi wa pembeni mwa skramu, akapambana karibu mechi nzima wakashinda 12-11, yaani ule ujasiri naupenda mpaka leo!

Halafu cheki namba 9 na 10, wanaounganisha mafowadi na mabeki, wameshacheza pamoja? Kwangu hilo lina uzito kuliko jina kubwa la winga. Mvua ikitabiriwa, mtazame namba 15, beki wa nyuma kabisa, kama anadaka mipira ya juu.

Na kabla ya kuanza angalia tena, mtu huweza kuumia mazoezini kikosi kikabadilika.