"Supernatural" na "unnatural": namna ya kuyatumia mbele ya wageni

Mgeni akiuliza kwa nini Wamasai wanauita Ol Doinyo Lengai Mlima wa Mungu, "supernatural" linafaa kabisa. Akiuliza kwa nini lava yake ni nyeupe, usiliguse neno hilo. Waongoza watalii wengi wa Arusha na Moshi hulitumia kwa yote mawili, na kwenye swali la pili mgeni anakosa maelezo aliyoyafuata.

Anza na matamshi. "Nature" hutamkwa neicha, lakini "natural" ni nachrol. Ile ei inapotea, na t inasikika kama ch. Mkazo wa "supernatural" unaangukia na: supa-NA-chrol.

Super, kwa Kilatini, ni juu. Kwa hiyo neno linataja kilicho juu ya sheria za maumbile: Mungu, malaika, majini, mizimu, na uchawi pia. Lenyewe halisemi kama ni chema au kiovu, ndiyo maana kulitafsiri "uchawi" ni kulipunja. Likitanguliwa na "the" linakuwa nomino, ulimwengu mzima wa mambo hayo. Unapoeleza imani, taja mwenye imani kwanza: "For the Maasai, the mountain has a supernatural meaning." Ukiondoa maneno matatu ya mwanzo, inakuwa kauli yako wewe.

"Unnatural" ni jambo jingine. Ni kitu kisicho kama kinavyotarajiwa kuwa, na mara nyingi lina harufu ya lawama. Kicheko cha kulazimisha ni "an unnatural laugh". Ndege wakinyamaza ghafla porini, sema "unnaturally quiet". "Unnatural death" ni kifo cha ajali, kuuawa au kujiua. Lakini maua ya plastiki mezani hotelini si "unnatural", ni "artificial". Misonobari iliyopandwa kwa mistari kule West Kilimanjaro ni "a planted forest".

Ukitafsiri kwenda Kiswahili, epuka "kinyume cha maumbile". Masikio yetu yameshalizoea kwenye habari za mahakamani na makosa ya ngono, na msikilizaji atashtuka. "Isiyo ya kawaida" inatosha.

Sasa ile lava. Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya natrokabonataiti, yenye soda nyingi na silika kidogo mno. Hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, nyepesi kama mafuta machafu ya injini na nyeusi hivyohivyo. Ikikutana na unyevu wa hewa inabadilika kikemia na kuwa nyeupe. Sentensi ya kumpa mgeni ni hii: "It looks unnatural, but it is completely natural." Tia mkazo kwenye "looks", kisha eleza soda.

Theluji ya Kilimanjaro nayo, digrii tatu tu kusini mwa Ikweta, ni "extraordinary". Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoiona mwaka 1848 na kuitolea taarifa, wapo wasomi wa London waliokataa kuamini. Ni baridi ya kimo tu.

Kuna pia "preternatural", kilichopita kiasi cha kawaida bila lazima ya kuhusisha Mungu wala jini, kama "preternatural calm". Ni neno la vitabuni zaidi. Garini sema "unusual".