Kuweka Jedwali la Vipimo Kwenye Mpaka wa Uigaji wa OpenFOAM

Una vipimo vya mtiririko wa maji, sekunde kwa sekunde, na unataka viendeshe mdomo wa kuingilia wa bomba kwenye modeli ya OpenFOAM, programu huria ya kuiga mitiririko. Anza na vizio, kabla hata ya kufungua faili ya U, yaani faili ya kasi. Lita kwa dakika zigawe kwa 60,000 upate mita za ujazo kwa sekunde: lita 60 kwa dakika ni 0.001. Halijoto iwe kelvini. Shinikizo lina mtego wake: visuluhishi (programu za kukokotoa) vya mtiririko usiobanika, kama pimpleFoam, husoma p, yaani shinikizo, iliyokwisha kugawanywa kwa densiti, hivyo paskali 5,000 za maji huandikwa 5.

Jedwali fupi huandikwa moja kwa moja ndani ya 0/U, yaani faili ya U iliyo kwenye folda ya muda 0:

inlet
{
    type flowRateInletVelocity;
    volumetricFlowRate table
    (
        (0 0)
        (0.5 0.0006)
        (2 0.001)
    );
    value uniform (0 0 0);
}

Namba ya kwanza ni muda, ya pili ni mtiririko. Chanya maana yake maji yanaingia. Muda lazima upande kila mstari. Mistari miwili yenye muda uleule itakatisha programu, na hilo hutokea sana kifaa cha kupimia kinapokuwa kimekata desimali. Jedwali refu lihamishie kwenye faili yake na uliite kwa tableFile, mabano yakibaki vilevile. Faili ikitoka kwenye programu ya lahajedwali, hakikisha desimali ni nukta, si koma.

Kati ya mistari miwili, programu huvuta mstari mnyoofu. Ipo pia spline, yaani mstari uliopinda, lakini kwa mtiririko unaopanda ghafla hupitiliza juu au hushuka chini ya sifuri, na mdomo wa kuingilia ukaanza kunyonya. Baki na linear, yaani mstari mnyoofu.

Linaloumiza zaidi ni mwinuko wa mstari huo. Tuseme valvu inafunguka na kasi inatoka 0 hadi 2 m/s ndani ya sekunde 0.001, katika bomba la maji la mita 1. Kwa maji yasiyobanika, shinikizo la kuyasukuma ni densiti mara urefu mara mchapuko: 1000 × 1 × 2000, yaani paskali 2,000,000. Huo mwiba kwenye grafu wengi huulaumu wavu wa seli, kumbe umeandikwa kwenye jedwali. Tandaza mpando huohuo kwa sekunde 0.1, mwiba unashuka hadi 20,000. Kelele ya kihisi nayo hufanya hivyohivyo kila sampuli, kwa hiyo lainisha data kwanza.

Jedwali likiisha kabla ya uigaji, mpangilio wa outOfBounds ndio unaoamua: clamp hushikilia thamani ya mwisho, repeat huanza upya (mstari wa mwisho ulingane na wa kwanza, la sivyo kuna mruko kila mzunguko), error husimamisha kazi. Wakati wa majaribio tumia error. Clamp hunyamaza mno. Mfano: simpleFoam, kisuluhishi cha mtiririko tulivu ambacho folda zake huhesabu marudio na si sekunde, imeishia kwenye folda 2000, kisha unawasha pimpleFoam kutoka hapo. Kwake muda ni sekunde 2000, jedwali lako liliisha sekunde ya 10, na mtiririko unabaki bapa bila onyo lolote. Ipe folda hiyo jina 0 na ufute uniform/time iliyomo, faili inayohifadhi muda wa zamani.

Ukiruhusu hatua ya muda ijirekebishe yenyewe, weka maxDeltaT, yaani kikomo cha hatua hiyo, isiyozidi moja ya tano ya pengo dogo kuliko yote kati ya muda na muda kwenye jedwali. Vinginevyo hatua moja inaweza kuruka kilele kizima.

Mwisho, weka surfaceFieldValue, kipimo cha ndani ya OpenFOAM, kwenye mpaka huo, ijumlishe phi (mtiririko unaopita kwenye kila uso wa seli) kila hatua, endesha sekunde chache, kisha chora matokeo juu ya vipimo vyako. Phi ya kuingia ni hasi, kwa hiyo igeuze alama kwanza. Mistari miwili ikiachana, tatizo ni vizio, muda, au jina la mpaka.