Kuishi Mérida kwa kalenda mbili

Ukihamia Meksiko na pasipoti ya Marekani, tundika ukutani kalenda ya Meksiko, kubwa, yenye nafasi ya kuandika. Ya Marekani iache ndani ya simu. Wamarekani wengi ninaowaona hapa Mérida, mji mkuu wa jimbo la Yucatán, hawasumbuliwi na Kihispania wala na pilipili, wanasumbuliwa na siku. Wanakwenda benki Jumatatu wanakuta mlango umefungwa. Wanaalika majirani chakula Alhamisi mchana, wakati majirani wako kazini na watoto wako shule.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza. Nilifanya kazi ya uuguzi Houston mpaka nikastaafu, uraia nikaupatia huko, na mume wangu ni mtu wa Texas tangu kuzaliwa. Tunaishi mtaa wa Santiago, karibu na soko. Ndugu na marafiki wenye pasipoti hiyo ya bluu huniuliza huku kukoje, basi nimeyaweka yote mahali pamoja.

Karatasi kwanza, tuzimalize. Kwa matembezi, Mmarekani haombi viza. Afisa wa uhamiaji anaweza kukupa hadi siku 180, lakini idadi anapanga yeye, kwa hiyo soma alichoandika kabla hujaondoka dirishani. Kwa kuishi, anza na ubalozi mdogo wa Meksiko ukiwa bado nje ya Meksiko. Unaonyesha kipato au akiba, wanakubandikia viza ya ukaazi wa muda, halafu ukishaingia una siku 30 za kuanza kuibadilisha iwe kadi kwenye ofisi ya uhamiaji, INM. Mwambie afisa wa uwanja wa ndege wazi kwamba unaingia kwa viza hiyo, asije akakugongea muhuri wa mtalii. Kadi ya kwanza ni ya mwaka mmoja; unaongeza mpaka itimie miaka minne, ndipo unaomba ya kudumu. Na usiingie katikati ya Desemba. Ofisi za serikali zinakwenda likizo, na zile siku 30 zako hazikusubiri.

Anwani za katikati ya mji zitakuchanganya siku mbili tatu, kisha utazipenda. Mitaa ina namba. Ya shufwa inakwenda kaskazini na kusini, ya witiri inakwenda mashariki na magharibi. Ukiona "Calle 60 x 47 y 49" maana yake nyumba iko mtaa wa 60, kati ya wa 47 na wa 49. Ukishajua namba za shufwa zinapanda ukielekea magharibi na za witiri zinapanda ukielekea kusini, hupotei tena, hata usiku.

Bili ya umeme ya CFE, shirika la umeme la serikali, inakuja kila baada ya miezi miwili, na unaweza kuilipa Oxxo, yale maduka madogo yaliyo kila kona. Itunze, kwa sababu benki, ofisi na kampuni ya simu zote zitaitaka kama ushahidi wa mahali unapoishi. Na ichunge. Serikali inapunguza bei ya umeme kwa wanaotumia kiasi, lakini wastani wako wa mwaka ukivuka kiwango unahamishiwa bei ya juu inayoitwa DAC, punguzo linaondoka, na kushuka tena kunachukua miezi. Mwezi wa Aprili na Mei joto linaweza kupita nyuzi 40, kwa hiyo jaribu la kuwasha AC nyumba nzima ni kubwa. Sisi tunawasha chumba cha kulala tu, usiku. Mchana ni feni na hamaka, kile kitanda cha wavu cha kuning'inia. Karibu kila nyumba ya Mérida ina ndoano za hamaka ukutani tayari. Lala mshazari, siyo kwa urefu, mgongo utakushukuru.

Maji ya bomba yanapanda kwenye tangi la juu ya paa, ya kuoga na kufulia. Ya kunywa ni ya garrafón, dumu la lita 20, linaletwa hadi mlangoni. Muuzaji mpe bakshishi. Bakshishi ni mambo ya kila siku hapa: asilimia 10 hadi 15 mkahawani, sarafu chache kwa anayekujazia mafuta, na kwa yule mzee anayekufungia mifuko supamaketi, ambaye mara nyingi halipwi mshahara, anaishia kwenye sarafu hizo hizo.

Na simu za nyumbani: Meksiko ilifuta kubadili saa mwaka 2022, na Tanzania hatujawahi kuwa na mambo hayo. Tofauti ni masaa tisa mwaka mzima. Saa tatu asubuhi ya Mérida ni saa kumi na mbili jioni Tanga. Wa Houston ndio wanaokuhama: majira ya baridi saa zenu ni sawa, majira ya joto wao wanakuwa mbele kwa saa nzima.

Sasa sikukuu, maana ndiko nilikotaka kufika.

Kanuni yangu ni moja: sikukuu za Wameksiko zikae siku zake, za Marekani zihamishe. Anza kwa kuweka alama kwenye zile Jumatatu ambazo wenyeji huziita daraja, yaani puente, kwa kuwa zinaungana na wikendi: Jumatatu ya kwanza ya Februari, ya tatu ya Machi, na ya tatu ya Novemba. Siku hizo benki hazifungui. Ubalozi mdogo wa Marekani uliopo Mérida unafunga kwa sikukuu za nchi zote mbili, kwa hiyo pasipoti ikikaribia kuisha angalia kalenda zote mbili kabla ya kuomba miadi. Tarehe 5 Mei, ambayo Texas wanakunywa na kucheza, hapa watu wanakwenda kazini. Ni kumbukumbu ya vita vya Puebla vya mwaka 1862, na Puebla ndiko inakonoga. Sherehe yenyewe ya uhuru ni usiku wa Septemba 15. Nenda Plaza Grande mapema, gavana anatoka roshani ya ikulu yake na kupaza ule mwito wa uhuru, na uwanja mzima unajibu. Tarehe 16 usipange lolote.

Mwisho wa Oktoba unakuja Hanal Pixán, namna ya Wamaya wa Yucatán ya kuwakaribisha marehemu. Oktoba 31 ni ya watoto, Novemba 1 ya watu wazima, Novemba 2 ya roho zote. Siku chache kabla yake kuna maandamano ya usiku kutoka makaburi makuu mpaka tao la San Juan, watu wamevaa mavazi ya Kimaya na kujichora nyuso za mafuvu. Nenda kwa miguu, barabara zinafungwa. Ukifika makaburini, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya kaburi lenye familia pembeni. Watu wanakula na marehemu wao.

Chakula cha siku hizo ni pib, na hapa nitakaa kidogo. Ni unga wa mahindi uliochanganywa na kunde nyeusi wanazoziita espelón, ndani kuna kuku na nguruwe kwenye mchuzi mzito wa achiote, zile zingefuri nyekundu, halafu unafungwa kwa majani ya mgomba na kuokwa ndani ya shimo lenye mawe ya moto. Kunde hizo asili yake Afrika, na mimi nilizitambua kwa harufu. Agiza wiki moja kabla. Kama huli nguruwe, usiishie kusema "nataka ya kuku," kwa sababu unga wenyewe hukandwa na mafuta ya nguruwe. Sema mambo mawili: bila nyama ya nguruwe, na bila manteca, ndiyo mafuta hayo. Jirani yangu wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima tunamwita Doña, hunitengenezea ya peke yangu na kuifunga kamba tofauti ili isichanganywe. Manteca hiyo hiyo utaikuta kwenye maharage na kwenye tamales, ile mikate ya unga wa mahindi inayopikwa ndani ya majani, kwa hiyo jifunze kuliuliza swali hilo vizuri na kwa tabasamu.

Majirani watakuletea vipande. Sahani usiirudishe tupu. Hili Mswahili hafundishwi, lakini mume wangu alikuwa anarudisha sahani safi, imeoshwa, na kuona amemaliza. Mimi naweka vitumbua au kashata. Nazi zipo, iliki ipo ukiitafuta, na mchele haukosekani. Kisichopatikana kirahisi ni unga wa ugali: ule wa Maseca umepitishwa kwenye chokaa kwa ajili ya tortilla, chapati zao za mahindi, na sufuriani unakuwa kitu kingine kabisa.

Kisha inakuja Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, ya kula bata mzinga. Alhamisi ya nne ya Novemba hapa ni Alhamisi tu. Nyumbani kwetu kuna mvutano kila mwaka, kwa sababu mume wangu anasema Alhamisi ni Alhamisi. Basi Alhamisi anakaa na mpira wake wa Kimarekani kwenye kompyuta na sahani ya panuchos, tortilla ndogo za kukaanga zilizojazwa maharage, na karamu tunaifanya Jumamosi, mezani saa nane mchana, muda ambao Wameksiko wanakula mlo mkubwa. Ukiwaalika saa kumi na mbili jioni watakuja wameshiba.

Bata mzinga si tatizo, maana ndege huyu kwao ni hapa hapa Meksiko, na Yucatán wanamla mwaka mzima. Wa kugandishwa wanaanza kujaa supamaketi mwezi wa Novemba kwa ajili ya Krismasi. Tatizo ni jiko: oveni nyingi za nyumbani ni ndogo na joto lake halitulii. Peleka bata wako kwa mwoka mikate wa mtaani. Wamezoea, ndio wanaooka pib za watu mwezi huo huo. Zungumza naye wiki moja kabla, mkubaliane saa na bei, mpelekee bata kwenye trei ya bati ambayo umepima kwamba inaingia, kipande cha bati kilichokwaruzwa jina lako kimefungwa kwa waya, maana wino na gundi haviponi humo ndani. Usiku kabla ya kumpeleka, msugue na recado rojo, achiote iliyosagwa na viungo, kutoka sokoni, iliyoyeyushwa na maji ya danzi, kitunguu saumu na chumvi. Wageni wangu wa Kimarekani wa kwanza walitazama ile rangi nyekundu kwa mashaka, kisha wakaongeza.

Yale matunda mekundu machachu ya mchuzi wa Thanksgiving, cranberry, ni ghali au hayapo. Tumia maua makavu ya jamaica, ambayo sisi tunayajua kwa juisi ya choya. Chemsha kwa maji machache, chuja, rudisha motoni na sukari, maganda ya chungwa na mdalasini mpaka uzito uwe wa asali. Boga la pai ni boga lolote gumu la sokoni, limechomwa, siyo kuchemshwa, ama utakula maji.

Ukiwa na mtu anayekusaidia nyumbani, Desemba una deni kabla ya zawadi yoyote: aguinaldo, mshahara wa ziada usiopungua siku 15 kwa aliyefanya kazi mwaka mzima, kabla ya tarehe 20. Ni sheria, na wafanyakazi wa ndani wamo. Kikapu cha matunda na biskuti hakilipi deni hilo.

Mwanzoni mwa Desemba endesha gari polepole, hasa jioni. Vijana wanakimbia kwa kupokezana mwenge barabara kuu kwa ajili ya Bikira wa Guadalupe, ambaye siku yake ni tarehe 12, wengine bila viatu, na lori lenye taa na picha yake nyuma yao. Usipige honi. Kuanzia tarehe 16 ni posada za kila usiku mpaka 24, sherehe za kuigiza Yusufu na Mariamu wakitafuta pa kulala, na mkesha wa Krismasi chakula kinakuja karibu na saa sita usiku. Ukialikwa, kula kidogo saa moja, lala, ndipo uende. Januari 6 ni mkate wa wafalme, wale mamajusi, ambamo wanafukia kisanamu cha mtoto. Kisu chako kikimgusa, wewe ndiye mnunuzi wa tamales Februari 2, na hakuna anayesahau.

Sisi wa Tanga tuna mlango wetu wa kuingilia mazungumzo na wazee wa hapa. Majumba makubwa ya Paseo de Montejo yalijengwa kwa fedha za henequén, ndugu wa mkonge, na mkonge wetu, Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, ambako miche ilikuwa imetoka Yucatán. Mwambie mzee wa Kiyucatán kwamba umekulia kando ya mashamba ya mkonge, akutajie alivyofanya kazi babu yake. Chukua kiti.

Majira ya kuchipua hesabu zako ni za Marekani. Raia anawasilisha ritani ya kodi popote alipo. Anayeishi nje anapewa mpaka Juni 15 bila kuomba, lakini kama unadaiwa, riba inaanza kuhesabiwa Aprili 15. Akaunti zako za nje zikijumlishwa zikavuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, una fomu nyingine, FBAR, hata kama kodi hudaiwi senti. Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, haikufuati huku, kwa hiyo bima itafute kabla hujaugua. Na kila Januari jaza upya fomu ya kupigia kura ukiwa nje.

Wiki ya Pasaka usiende ufukwe wa Progreso ukitarajia kuona mchanga. Na siku ya mama hapa ni Mei 10, iwe Jumanne iwe Ijumaa: mikahawa inafurika na ofisi zinatoka mapema. Ya Marekani ni Jumapili ya pili ya Mei, na meza unapata unayotaka. Isipokuwa miaka ambayo zote mbili zinaangukia siku moja, kama 2026. Mwaka wa namna hiyo mama apikiwe nyumbani.